Matunda makavu ya kilimo hai na ya kawaida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo wanunuzi wa Nairobi hurudia kila wanapogeuza pakiti ya embe kavu mkononi, iwe ni supamaketi, Eastleigh au kwenye meza ya soko la Jumamosi. Takwimu za virutubishi ni wastani wa gramu 100, isipokuwa pale tuliposema vingine. Embe la apple na la ngowe hayalingani hata yakitoka shamba moja, basi usizishike nambari hizi kama mizani ya dhahabu.

## Misingi

"Kilimo hai" kwenye pakiti ya matunda makavu ni nini hasa?

Ni mambo mawili kwa pamoja: tunda lilivyokuzwa na lilivyokaushwa. Shambani hairuhusiwi mbolea ya viwandani wala viuatilifu vya kutengenezwa maabara. Kwenye ukaushaji hairuhusiwi sehemu kubwa ya vihifadhi. Watu wengi huuliza la kwanza tu, ilhali kwa matunda makavu la pili ndilo zito zaidi.

Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Bidhaa za kuuzwa nje hufuata viwango vya wanunuzi. Kwa miti ya kudumu kama mwembe, Umoja wa Ulaya hudai miaka 3 ya mpito kabla ya tunda kuuzwa kama la kilimo hai.

Kwa hiyo mkulima wa kilimo hai hanyunyizi dawa yoyote?

Hunyunyiza. Salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga wa mwembe (ugonjwa wa kuvu unaoacha unga mweupe) inaruhusiwa, na baadhi ya dawa za shaba pia, kwa masharti. Nzi wa matunda, yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuwatia hasara wakulima wa maembe, hukabiliwa kwa mitego ya kuvutia madume, vyambo vya chakula, na kuokota maembe yaliyoanguka ili funza wasimalizie kukua ardhini.

Utaona kinaya hapo: salfa inakubaliwa juu ya mti, lakini moshi wake haukubaliwi kwenye kikaushio.

"Asilia", "natural", "bila kemikali": ni kitu kimoja na kilimo hai?

Hapana. Hayo ni maneno ya biashara na yeyote anaweza kuyachapisha. Tafuta alama ya uthibitisho, jina la aliyethibitisha na nambari ya shehena. Kwa mkulima mdogo anayeuza sokoni, muulize kama yumo kwenye kikundi cha uhakiki shirikishi, ambapo wakulima hukaguana mashamba kwa kanuni zilizoandikwa. Aliyemo atakueleza bila kubabaika, kwa sababu ukaguzi huo humlia muda.

## Lishe yenyewe

Tuambieni wazi: ya kilimo hai yana virutubishi zaidi?

Kwa sukari, nyuzinyuzi, potasiamu, madini ya chuma na kalori, tofauti ni ndogo kiasi kwamba aina ya tunda, kiwango cha kuiva na jinsi lilivyokaushwa huimeza kabisa. Zabibu kavu zina takriban kalori 300, ziwe za kilimo hai au la.

Tafiti kubwa mbili hutajwa sana, na watu huzigonganisha kana kwamba zinapingana. Uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2012 haukuona ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina lishe bora zaidi, ila uliona uwezekano mdogo wa mabaki ya viuatilifu. Ule ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle mwaka 2014, uliokusanya machapisho 343, uliona polifenoli (viambata vya asili vya mmea) nyingi zaidi kwenye mazao ya kilimo hai, kati ya asilimia 19 na 69 kutegemea aina, na mabaki ya viuatilifu yakionekana mara 4 zaidi kwenye mazao ya kawaida. Ukisoma kwa makini, zote mbili zinakubaliana kuhusu viuatilifu. Na zote mbili zinazungumzia zaidi mazao kabla ya kukaushwa. Polifenoli alizoongeza mkulima shambani zinaweza kupotea kwenye trei iliyoachwa juani siku tatu.

Kwa nini mnasema kikaushio ni muhimu kuliko shamba?

Chukua kilo moja ya nyama ya embe bivu. Gramu 830 hivi ni maji. Ukilikausha hadi maji yabaki asilimia 15, unabaki na gramu 200. Madini hayaendi popote, hivyo kila kipande sasa kina potasiamu na chuma mara 5 ya mwanzo. Sukari nayo vilevile.

Vitamini C haina bahati hiyo. Huharibiwa na joto, hewa na mwanga, na kadiri tunda linavyokaa kwenye joto ndivyo inavyopungua. Embe bivu lisilokaushwa lina takriban miligramu 36 za vitamini C. Zabibu kavu na aprikoti kavu hubaki na miligramu 1 hadi 3. Beta-karotini, ile rangi ya manjano inayogeuzwa vitamini A mwilini, huvumilia joto kiasi lakini huchukia jua la moja kwa moja. Ndiyo maana embe la kawaida lililokaushwa kivulini kwa hewa ya moto ya nyuzi 60 linaweza kulishinda kwa vitamini A embe la kilimo hai lililoanikwa kwenye mabati.

Ni kweli kwamba salfa inalinda vitamini?

Baadhi, ndiyo, na hili huwaudhi wapenzi wa kilimo hai. Dayoksaidi ya salfa huzuia tunda kugeuka kahawia, na kwa njia hiyohiyo hupunguza upotevu wa vitamini C na karotini. Aprikoti ya rangi ya chungwa inayong'aa mara nyingi imebaki na karotini nyingi kuliko ndugu yake wa kahawia ambaye hakutiwa salfa.

Lakini salfaiti (dayoksaidi hiyo ya salfa na chumvi zake) huvunja vitamini B1. Kwa lishe ya kawaida hasara hiyo si ya kukosesha usingizi, kwa kuwa tunda si chanzo kikuu cha B1. Unaipata kwenye maharagwe, nafaka nzima na unga wa viwandani, ambao Kenya iliamuru urutubishwe tangu 2012. Sababu ya kuikwepa salfa ni nyingine: tazama swali la pumu hapo chini.

Zabibu kavu za kilimo hai huongeza damu zaidi?

Zabibu kavu zina takriban miligramu 1.9 za chuma kwa gramu 100. Konzi moja ya gramu 30 inakupa kama miligramu 0.6, ilhali mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hushauriwa kupata kama 18 kwa siku. Kilimo hai hakibadilishi hesabu hiyo. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina zaidi ya miligramu 2, na ukiyala na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, vitamini C husaidia mwili kulifyonza chuma hilo. Mwenye upungufu wa damu uliothibitishwa hospitalini asijitibu kwa zabibu.

Na sukari? Yangu imeandikwa "sukari ya miwa ya kilimo hai".

Ni sukari. Embe kavu lisilotiwa kitu tayari lina takriban gramu 66 za sukari yake lenyewe. Konzi ya gramu 30 ni gramu 20, yaani vijiko 5 vya chai. Nanasi, papai na embe huuzwa pia yakiwa yamelowekwa kwenye shira kabla ya kukaushwa. Hayo utayatambua kwa ulaini na mng'ao wa kioo, na kwa neno "sukari" au "glukosi" kwenye viungo. Orodha ya viungo ya embe kavu zuri ina neno moja: embe. Pengine mawili, embe na ndimu.

## Salfa, dawa na sumu

Mbona embe la kilimo hai ni la kahawia na lile lingine ni la manjano kama limevunwa jana?

Ni salfa. Viwango vya kilimo hai vya Ulaya na Marekani haviruhusu salfaiti kwenye matunda makavu, basi tunda hugeuka rangi kama tofaa lililokatwa na kuachwa mezani. Mkaushaji wa kilimo hai hutumia maji ya ndimu au asidi ya sitriki. Inasaidia, lakini baada ya miezi 6 rafuni rangi bado itafifia. Kahawia hiyo si kuoza.

Usigeuze hili kuwa kanuni, hata hivyo. Zabibu kavu nyeusi za kawaida zilizokaushwa juani kwa kawaida hazitiwi salfa, na tende vivyo hivyo. Zabibu za dhahabu ndizo hutiwa. Kwa hiyo anayelipa zaidi kwa zabibu nyeusi za kilimo hai ili tu kukwepa salfa analipia kitu ambacho angekipata kwenye pakiti ya bei ya chini.

Nitaitambuaje kwenye lebo?

Soma viungo na utafute "sulphur dioxide", "sulphites", "metabisulphite" au nambari E220 hadi E228. Kanuni za kimataifa za lebo hudai salfaiti zitajwe zikifika miligramu 10 kwa kilo. Matunda ya kupimiwa kwa kopo hayana lebo. Hapo fungua mfuko, subiri kidogo, nusa: salfa nyingi ina harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, na hukwaruza koo. Salfa kidogo haitanukia, kwa hiyo pua isiyonusa kitu haijathibitisha lolote.

Kiasi gani ni kingi?

Ulaya huruhusu hadi miligramu 2,000 kwa kilo kwenye aprikoti na zabibu kavu, 1,000 kwenye ndizi kavu. Konzi ya gramu 30 za aprikoti zilizofika kikomo hicho ina miligramu 60. Kiwango cha juu cha kila siku kilichotumika kwa miaka mingi ni miligramu 0.7 kwa kila kilo ya uzito, yaani 42 kwa mtu wa kilo 60, na 14 kwa mtoto wa kilo 20. Mwaka 2022 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikiondoa kiwango hicho, ikisema data hazitoshi kukithibitisha, na kuonyesha wasiwasi kwa wanaokula nyingi.

Matunda mengi hayafiki kikomo, na salfa hupungua kadiri yanavyokaa. Lakini mtoto anayepewa aprikoti za chungwa kila siku kwenye mkebe wa shule ni bora apewe tende au zabibu nyeusi.

Ukaushaji huongeza viuatilifu kama unavyoongeza sukari?

Inaweza. Maji yakitoka, kilichobaki hujilimbikiza, ingawa kuosha, kumenya na joto huondoa sehemu. Cha kuangalia ni ganda. Embe, nanasi, ndizi na papai humenywa, na dawa nyingi ya juu huondoka na maganda. Zabibu, tini, aprikoti na plamu huliwa na ngozi yake. Kama bajeti inaruhusu kilimo hai kwa kitu kimoja tu, kiwe cha kundi hili la pili. Embe linaweza kusubiri.

Kilimo hai kinanikinga na aflatoksini?

Hapana, na tunalisema bila kuzungukazunguka kwa sababu Kenya inakumbuka mahindi ya 2004, yaliyoua watu 125 katika eneo la Ukambani na jirani zake. Kuvu haisomi cheti. Kwenye matunda makavu hatari iko zaidi kwenye tini (aflatoksini) na zabibu (okratoksini, sumu nyingine ya kuvu), na chanzo ni ukaushaji wa polepole au ghala lenye unyevu. Vikomo vya kisheria ni vilevile kwa matunda ya kilimo hai na ya kawaida. Tunda lenye harufu ya uvundo au madoa ya ukungu litupwe lote. Kukwangua juu hakuondoi sumu iliyozama ndani.

## Kukausha mwenyewe Nairobi

Naweza kukausha embe nyumbani nikapata lishe sawa na la dukani?

Unaweza kulipita. Nunua maembe yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, ya apple au Kent. Ngowe ina utamu, ila hakikisha haina nyuzi nyingi. Osha kabla ya kumenya, si baada, la sivyo kisu kinabeba uchafu wa ganda hadi ndani. Kata vipande vya milimita 6 hadi 8, vyote sawa. Loweka dakika 5 hadi 10 kwenye maji na ndimu nusu kwa nusu, chuja, panga kwenye wavu bila kugusana.

Kikaushio cha umeme kiwekwe nyuzi 60, saa 10 hadi 14. Kwa oveni, tumia moto wa chini kabisa na uache mlango wazi kidogo kwa kuukingia mwiko wa mbao, mvuke utoke. Kosa la kawaida ni haraka: ukianza na nyuzi 80, ngozi ya nje hukaza na kufungia maji ndani. Kipande kinaonekana kikavu, wiki ya pili kinaota ukungu katikati.

Tumia mizani badala ya macho. Kilo 1 ya vipande ikishuka hadi gramu 200, umefika. Ikisoma gramu 260, bado kuna maji asilimia 35, rudisha ndani. Kisha jaribu kwa mkono: chukua kipande kilichopoa, kikunje. Kinapaswa kupinda kama mshipi wa ngozi, kisivunjike, na ukikibana kwenye mkunjo pasitokee tone.

Mwisho jaza mitungi ya glasi theluthi mbili, funika, tikisa kila siku kwa siku 7. Mvuke ukionekana kwenye glasi, yarudi kwenye kikaushio siku hiyohiyo.

Kwani jua la bure la paa langu lina ubaya gani?

Mwezi wa Februari, unaweza kufanikiwa kwa vipande vyembamba. Julai usijaribu, mawingu ya Nairobi hukaa hadi saa nane mchana, na tunda huchacha kabla halijakauka. Misimu ya mvua haina haja ya maelezo. Zaidi ya hapo kuna vumbi la barabara, nzi, umande wa usiku, na jua lenyewe linalokula karotini. Kisanduku cha jua chenye chumba cha giza, ambapo hewa hupashwa moto kwanza chini ya plastiki au kioo ndipo ipite kwenye trei, hutatua karibu yote hayo.

## Hali za pekee

Nina pumu. Je, kilimo hai ni lazima?

Kisicho na salfaiti ndicho lazima, kama wewe ni miongoni mwa wanaodhurika nazo. Inakadiriwa ni watu 3 hadi 10 katika kila 100 wenye pumu. Kifua hubana na kukorota ndani ya dakika chache. Kilimo hai chenye cheti ni njia rahisi ya kuzikwepa, lakini pakiti ya kawaida isiyo na E220 hadi E228 inatosha pia. Usitegemee kuloweka au kuchemsha: salfa hupungua, haiishi. Epuka ya kupimiwa yasiyo na lebo.

Mgonjwa wa kisukari ale ya kilimo hai?

Aina si hoja, kipimo ndicho hoja. Pima gramu 30 mara moja kwa mizani, uone zinavyokaa kwenye kiganja chako, kisha tumia kiganja hicho siku zote. Kula pamoja na njugu karanga au maziwa lala yasiyo na sukari, usile peke yake tumbo likiwa tupu. Na uziweke hizo gramu 30 kwenye bakuli. Anayekula kutoka kwenye mfuko humaliza mfuko.

Na mwenye ugonjwa wa figo?

Huyu awe mwangalifu kuliko wote, na neno "hai" lisimpumbaze. Aprikoti kavu zina takriban miligramu 1,160 za potasiamu, zabibu kavu 750, tende aina ya medjool karibu 700. Figo dhaifu haziwezi kuitoa vya kutosha, na potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Daktari au mtaalamu wa lishe wa kliniki ndiye wa kukadiria.

Mtoto mdogo apewe vipi?

Zabibu nzima na vipande vigumu humkaba mtoto mdogo. Loweka usiku kucha, saga, changanya na uji. Utamu huo unatosha, huhitaji sukari. Yanayonata hukaa kwenye meno, basi yaliwe wakati wa mlo, si kidogo kidogo mchana kutwa.

Pakiti yangu ya kilimo hai ina wadudu. Nimeuziwa mabaki?

Si lazima. Matunda ya kawaida mara nyingi hufukizwa ghalani kwa fosfini, gesi ya kuua wadudu. Ya kilimo hai hutegemea baridi kali au hewa ya kaboni dayoksaidi, na pakiti ikitoboka safarini nondo huingia. Utaona nyuzi kama utando wa buibui pembeni. Rudisha dukani. Uliyokausha mwenyewe, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48, kisha yaache yarudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, la sivyo matone ya maji yatajikusanya juu ya tunda na kuanzisha ukungu.

Yale yaliyokaushwa kwa kugandishwa, yanayokatika kama krispi?

Yana vitamini C nyingi kuliko yote, kwa sababu hayakupata joto kali. Ni mepesi sana, kwa hiyo soma uzito, usinunue kwa ukubwa wa mfuko. Ukishafungua, hewa ya Mombasa huyalainisha kwa saa chache. Ya Nairobi hukupa muda zaidi kidogo.

Tende zangu zimetoa unga mweupe. Ni ukungu?

Paka kidogo kwenye kidole kilicholowa. Ukiyeyuka na kuonja utamu, ni sukari iliyojitokeza juu; ziweke dakika chache mahali penye joto na utaona inapotea. Lakini kabla ya kuonja, tazama: ukungu una manyoya, huwa kijani, kijivu au mweusi, na hunuka kama kabati la nguo lililofungwa msimu mzima wa mvua. Huo usiuonje.